Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kupima Kama Mradi wa Umeme Unaovuka Mpaka Unaufaidisha Ukanda Mzima

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisahihisha tathmini za wanafunzi, waandishi wa habari na maofisa mipango wa halmashauri kuhusu miradi ya nishati inayounganisha nchi zetu. Kosa ni lile lile: mtu anachukua megawati zilizotangazwa siku ya uzinduzi, anazizidisha kwa saa za mwaka na kwa bei, kisha jibu analiita faida. Hesabu hiyo inakupa bili. Faida unaitafuta kwingine.

Machi 2025, Serikali ya Tanzania ilipoeleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, watu waligawanyika siku hiyo hiyo. Wengine waliona ni aibu, kwa kuwa Bwawa la Nyerere, kwenye Mto Rufiji, lina megawati 2,115. Wengine walishangilia ushirikiano. Waliouliza swali la msingi walikuwa wachache mno: uniti moja inayotoka Rufiji hadi Arusha inapoteza kiasi gani njiani, inayotoka Ethiopia inapoteza kiasi gani, na kila moja inaifikia Arusha kwa gharama gani?

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Ukiruka ya pili au ya nne, zilizobaki hazitakusaidia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Bei na muda wa mkataba wa kuuziana umeme. Mkataba wenyewe ukifichwa, tumia bei iliyotangazwa na uandike wazi kwamba hujauona mkataba.
- Upembuzi yakinifu, au taarifa ya tathmini ya mkopeshaji. Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika huweka nyingi kwenye tovuti zao.
- Takwimu za uzalishaji kwa kila chanzo: maji, jotoardhi, gesi, mafuta, upepo. Zinatoka kwa mamlaka za udhibiti wa nishati: kwa Kenya EPRA, kwa Tanzania EWURA.
- Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, pamoja na mpango wa fidia.
- Ramani ya mkuza, yaani ile njia iliyosafishwa ambamo laini au bomba linapita.
- Lahajedwali. Hata la kwenye simu linatosha.
- Mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye chumba cha kuongozea gridi. Nusu saa naye itakuokolea wiki nzima ya kusoma makaratasi.

## Hatua ya 1: Chora mipaka ya mradi wako

Andika kila kipande ambacho lazima kijengwe ndipo umeme umfikie mtumiaji. Mtambo wa Rusumo kwenye Mto Kagera una megawati 80, lakini bila laini za kilovoti 220 za kwenda Gitega (Burundi), Shango (Rwanda) na Nyakanazi (Tanzania), pale kuna mngurumo wa maji tu. Mara nyingi mtambo na laini vina wafadhili tofauti, na ndivyo ilivyokuwa Rusumo: Benki ya Dunia ilisimamia mtambo, Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasimamia laini. Ukisoma faili moja tu, utahesabu nusu ya gharama na faida yote.

Kisha orodhesha nchi. Usiishie kwa zilizotia saini. Umeme ambao Kenya inaununua Ethiopia unatoka kwenye gridi ambayo mojawapo ya mitambo yake mikubwa ni Gibe III, kwenye Mto Omo. Mto huo ndio unaoleta sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Turkana. Bwawa linapotuliza mafuriko ya msimu, mvuvi wa upande wa Kenya anaguswa na mradi ambao jina lake halimo kwenye karatasi yoyote. Mwingize kwenye orodha yako.

Umefaulu ikiwa una ukurasa mmoja wenye safu tatu: anayelipa, anayepokea, anayeguswa. Safu ya tatu ikiwa tupu, rudi kwenye ramani ya mito na ya mkuza.

## Hatua ya 2: Andika kingetokea nini bila mradi

Hapa ndipo wengi wanaanguka. Wanadhani bila mradi kungekuwa na giza. Ni mara chache sana. Bila laini ya Ethiopia, Kenya ingeendelea kuwasha mitambo ya mafuta mazito jioni, au ingeharakisha visima vya jotoardhi vya Olkaria. Bila umeme wa kununua, Arusha na Kilimanjaro zingeendelea kuletewa umeme wa kusini kupitia laini ndefu, au laini hizo zingeimarishwa.

Andika hali hiyo kwa sentensi mbili au tatu, na itaje gharama. Kama kuna njia mbadala zaidi ya moja, chagua ile ambayo wataalamu wa mpango wa umeme wa nchi hiyo wangeichagua kweli. Usichague iliyo ghali kuliko zote ili mradi wako upendeze.

Onyo: taarifa za wakopeshaji nazo hulinganisha mradi na mbadala mmoja waliouchagua wao. Usiunakili kabla ya kuukagua.

## Hatua ya 3: Geuza megawati kuwa uniti

Megawati ni ukubwa wa bomba, uniti ni maji yaliyopita. Laini inayoleta umeme wa Ethiopia nchini Kenya, kutoka Sodo (Ethiopia) hadi Suswa (Kenya), ina urefu wa kilomita 1,045, msongo wa kilovoti 500 wa mkondo mnyoofu (DC), na inaweza kubeba megawati 2,000. Mauzo ya kibiashara yalipoanza Novemba 2022, mkataba wa miaka 25 ulianza na megawati 200, kupanda hadi 400 baada ya miaka mitatu. Anayetumia 2,000 kwenye hesabu ya mkataba huo amekosea mara kumi.

Fanya hivi:

1. Megawati 200 × saa 8,760 = uniti milioni 1,752 kwa mwaka, laini ikijaa muda wote.
2. Haijai muda wote. Chukua asilimia 80 kwa zoezi letu: uniti milioni 1,401.6.
3. Toa upotevu wa njiani. Kwa asilimia 4, zinazofika ni uniti milioni 1,345.5.

Hiyo asilimia 80 na hiyo 4 nimeziweka mimi kwa ajili ya zoezi. Kwenye kazi yako weka za kweli, kutoka kwenye takwimu za umeme ulioagizwa. Na kumbuka kwamba muuzaji hulipwa kwa zile 1,401.6 au kwa zile 1,345.5 kutegemea mita iko upande gani wa mpaka. Uliza mita iko wapi. Mimi huku nimechukua kwamba iko upande wa muuzaji.

## Hatua ya 4: Uliza ni umeme upi unaozimwa

Ukiwa na muda wa hatua moja tu, utumie wote hapa.

Gridi haina ghala. Uniti inapoingia kutoka nje, kuna mtambo mahali fulani unapunguza uzalishaji wakati huo huo. Thamani ya uniti iliyoingia ni gharama iliyookolewa kwenye mtambo huo, na inabadilika saa kwa saa.

Chukua Kenya saa mbili usiku. Watu wamerudi nyumbani, taa na runinga zimewashwa, jua limezama na sola haitoi kitu. Mitambo ya mafuta inanguruma. Uniti ya Ethiopia ikiingia saa hiyo inazima dizeli, na akiba ni kubwa. Sasa chukua saa tisa usiku. Watu wamelala, viwanda vingi vimepumzika, na Olkaria kuna saa ambazo mvuke wa jotoardhi huachiwa hewani kwa kukosa wa kuutumia. Uniti ile ile, kwa bei ile ile, ikiingia saa hiyo inazima mvuke ambao gharama yake ilishalipwa siku kisima kilipochimbwa. Akiba ni karibu sifuri.

Kijana mmoja aliniletea tathmini nadhifu, yenye grafu za rangi, iliyothamini kila uniti kwa gharama ya dizeli mwaka mzima. Nilimwomba atafute takwimu za saa ishirini na nne za siku moja tu ya kazi. Aliporudi, safu yake ya dizeli ilikuwa imebaki na saa chache za jioni na muda kidogo wa mchana. Hesabu yote iliporomoka, na ndipo kazi yake ikaanza kuwa na maana.

Gawa siku yako angalau mara tatu: usiku wa manane, mchana, na saa za mahitaji makubwa. Kwa kila kipande andika mtambo unaozimwa na gharama yake kwa uniti. Kama mradi unakuja mahali penye mgao, basi uniti haizimi mtambo wowote. Inazima jenereta ya saluni, kinu na zahanati, na hiyo ndiyo uniti yenye thamani kuliko zote.

Umefaulu ikiwa unaweza kumjibu mtu aliyekuuliza, "Saa kumi alfajiri umeme huu unachukua nafasi ya nini?" bila kufungua karatasi.

## Hatua ya 5: Tenganisha bei na faida

Bei ya mkataba wa Kenya na Ethiopia ni senti 6.5 za dola kwa uniti. Wengi huichukua bei hiyo kama gharama ya mradi kwa ukanda. Kwa Kenya kweli ni gharama. Kwa Ethiopia ni mapato. Ukiutazama ukanda kama nyumba moja, fedha hiyo imetoka mfuko wa kulia ikaingia wa kushoto. Bei inagawa faida, haiizalishi.

Twende na zoezi. Tuchukue kwamba uniti zote zinazima mtambo wa mafuta wa senti 15, na kwamba kuzalisha kwa muuzaji kunagharimu senti 2. Takwimu hizi mbili ni za mfano.

- Gharama iliyookolewa kwa mnunuzi: milioni 1,345.5 × senti 15 = dola milioni 201.8.
- Malipo kwa muuzaji: milioni 1,401.6 × senti 6.5 = dola milioni 91.1.
- Gharama ya kuzalisha: milioni 1,401.6 × senti 2 = dola milioni 28.0.

Mnunuzi anabaki na 201.8 − 91.1 = dola milioni 110.7. Muuzaji anabaki na 91.1 − 28.0 = dola milioni 63.1. Jumlisha: 173.8. Sasa pima ukanda moja kwa moja bila bei: 201.8 − 28.0 = 173.8. Majibu yakilingana, umetenganisha vizuri. Yasipolingana, kuna mahali umehesabu malipo mara mbili.

Badilisha dhana moja tu. Umeme unaozimwa uwe wa senti 8 badala ya 15. Akiba inashuka hadi dola milioni 107.6, mnunuzi anabaki na 16.5 tu, na ukanda unapata 79.6. Laini ni ile ile, bei ni ile ile. Ndiyo maana nilikusihi usiikimbie hatua ya nne.

## Hatua ya 6: Weka gharama ya ujenzi na miaka

Fedha ya mwaka wa ishirini haina uzito wa fedha ya leo. Kwa kiwango cha punguzo (kasi ambayo fedha ya baadaye inapoteza uzito kila mwaka) cha asilimia 10, faida ya dola moja kila mwaka kwa miaka 25 ina thamani ya dola 9.077 leo. Kwa asilimia 6 ni dola 12.783. Fanya yote mawili, maana wanasiasa hupenda la pili na waweka hazina la kwanza.

Tuchukue ujenzi wa dola milioni 1,200 na matunzo ya milioni 15 kwa mwaka, tena kwa mfano, kwa asilimia 10:

- Ukizima mtambo wa mafuta wa senti 15: (173.8 − 15) × 9.077 = milioni 1,441. Toa 1,200, baki +241.
- Ukizima umeme wa senti 8: (79.6 − 15) × 9.077 = milioni 586. Toa 1,200, baki −614.
- Umeme wa senti 8, lakini laini ikibeba megawati 400: (159.2 − 15) × 9.077 = milioni 1,309. Toa 1,200, baki +109.

Mstari wa tatu unaeleza kwa nini laini kubwa iliyo nusu tupu ni mzigo mzito, na kwa nini kuunganisha nchi ya tatu kunaweza kuiokoa. Laini ya kilovoti 400 ya Isinya (Kenya) hadi Singida (Tanzania), iliyowashwa Desemba 2024, inaipa ile ya Sodo–Suswa mteja mwingine upande wa Tanzania. Ndiyo hoja yenye nguvu ya kununua umeme kupitia Kenya, na huisikii mara nyingi kwenye mabishano.

Onyo la kuchelewa. Chukua mstari wa kwanza, ule mzuri. Fedha zimetumika, laini imesimama, lakini kituo cha upande mmoja kimechelewa miaka mitatu. Gawa 1,441 kwa 1.331 (yaani 1.1 × 1.1 × 1.1, asilimia 10 kwa miaka mitatu). Unapata 1,083, na mradi umegeuka kuwa hasara ya 117 bila bei yoyote kubadilika. Kenya inaijua hali hii: mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, megawati 310, ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini laini ya kuileta Suswa iliwashwa Septemba 2018, na nchi ikalipa fidia kwa umeme ambao haukufika.

## Hatua ya 7: Gawa faida kwa nchi, kisha kwa kaya

Jumla nzuri ya ukanda inaweza kuficha nchi moja inayoumia. Kwa hiyo weka safu ya kila nchi: akiba, mauzo, gharama ya ujenzi, deni, athari.

Na usidhani mgawo sawa una uzito sawa. Rusumo inagawanywa sawasawa kwa nchi tatu, takriban megawati 26.7 kila moja. Turbini moja tu ya Bwawa la Nyerere ina megawati 235, karibu mara tisa ya fungu la Tanzania. Kwa gridi ndogo ya Burundi, fungu lile lile ni jambo kubwa la kitaifa. Kwa Tanzania faida iko zaidi kwa wilaya za magharibi, zilizo mbali na mitambo mikubwa. Iandike hivyo, kwa jina la mkoa.

Baada ya hapo shuka kwenye mkuza. Laini ya kilovoti 500 haishushi umeme kijijini inakopita. Kushusha kunahitaji kituo, na kwa mkondo mnyoofu kituo ni ghali mno. Simama chini ya nguzo hizo jioni: nyaya zinavuma juu ya kichwa, na kwenye nyumba zilizo hatua mia mbili kutoka hapo taa inayowaka ni ya sola ya kuning'iniza. Wenye nyumba hizo ndio waliotoa ardhi. Kama bajeti ya mradi haina fungu la kusambaza umeme vijijini kando ya mkuza, liandike pengo hilo kama gharama ya haki ambayo haijalipwa.

Kwenye fidia, angalia tarehe mbili: siku ya kuthaminiwa mali na siku ya kulipwa. Katikati yake mwenye shamba huwa amezuiwa kupanda mazao ya kudumu, na bei ya ardhi ya jirani inapanda. Fomu moja niliyoonyeshwa iliorodhesha migomba, miembe miwili na kaburi moja, kila kitu na bei yake. Mama mwenye shamba alikuwa ameihifadhi ndani ya Biblia, na aliitunza miaka mitatu kabla fedha haijaingia. Hesabu muda huo wa kusubiri kwa kiwango kile kile cha punguzo ulichokitumia kwa mradi kwenye hatua ya sita.

Palipo na bwawa, linganisha pia miundo. Rusumo iliwahi kupangwa iwe na maji mengi zaidi yaliyozuiwa. Ikapunguzwa, ikawa mtambo unaotumia mtiririko wa mto, na ardhi iliyofunikwa na maji ikapungua sana. Megawati chache zilizoachwa ndiyo bei iliyolipwa ili watu wachache zaidi wahamishwe. Tathmini yako iseme kama mabadilishano ya namna hiyo yalitafutwa.

## Hatua ya 8: Vunja hesabu yako kwa makusudi

Jaribu hatari nne, moja moja, kisha mbili kwa pamoja.

Laini kukatika ghafla. Septemba 2024, laini ya Loiyangalani, inayoleta umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, ilikatika pale Suswa, muda mfupi baadaye na ile ya Ethiopia ikakatika, na sehemu kubwa ya Kenya ikazimika. Chanzo kimoja kikibeba sehemu kubwa ya mahitaji, lazima kuwe na mitambo ya akiba inayosubiri. Gharama ya kuiweka tayari ni ya mradi.

Ukame wa pamoja. Kama muuzaji na mnunuzi wote wanategemea maji na mvua zao hukosekana mwaka mmoja, umeme wa kununua utapungua siku unapouhitaji zaidi.

Sarafu. Bili ya dola milioni 91.1 ni shilingi za Kenya bilioni 14.6 dola ikiwa 160, kama ilivyokuwa Januari 2024. Dola ikiwa 130 ni bilioni 11.8. Tofauti hiyo inaishia kwenye bili ya mama ntilie.

Kulipia usichochukua. Tafuta kifungu kinachomlazimisha mnunuzi kulipa hata asipouchukua umeme. Kikiwepo, zile saa za usiku wa manane za hatua ya nne zinageuka hasara tupu.

## Kama mradi wako ni bomba

Hatua ni zile zile, ila hatua ya pili inakuwa ngumu zaidi. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina kilomita 1,443: Uganda 296, Tanzania 1,147. Kabla ya Uganda kuchagua Tanga mwaka 2016, njia ya kupitia Kenya ilikuwa mezani. Kwa hiyo kwa Tanzania "bila mradi" ni bomba kupita kwa jirani, na kwa Uganda ni kulinganisha njia mbili. Ushuru wa kusafirisha uliokubaliwa, dola 12.77 kwa pipa, ni bei kama ile ya hatua ya tano: kwa Uganda ni gharama, kwa wenye hisa za bomba ni mapato. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya hisa iko mikononi mwa walio nje ya ukanda (kampuni ya Ufaransa ya TotalEnergies peke yake ina asilimia 62), sehemu ya mapato hayo haibaki nyumbani. Itoe kwenye jumla ya ukanda.

## Hatua ya 9: Andika ukurasa mmoja

Anza na jumla ya ukanda kwa punguzo la asilimia 10 na la 6. Chini yake mstari wa kila nchi, kisha mstari wa walio kwenye mkuza na walio chini ya mto. Halafu dhana tatu ambazo zikibadilika kidogo jibu linageuka, kila moja na kiwango chake cha kugeukia: "Mradi unaingia hasara laini ikibeba chini ya megawati kadhaa," au "ikichelewa zaidi ya miezi kadhaa."

Mwishoni weka tarehe ya takwimu zako na jina la kila takwimu uliyoikisia. Mpe mtu wa nchi ya pili ausome kabla ya kuutoa. Mtanzania akipima, Mkenya akague. Mrwanda akipima, Mrundi akague. Atakachokizungushia kwanza kwa kalamu nyekundu huwa ni mstari wa nchi yake.